Unataka Kufungua Nyumba ya Wasio na Pa Kulala? Sikiliza Kwanza

(Mazungumzo haya yalifanywa na mwelimishaji wetu wa afya na wanafunzi wa sekondari katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

Mbona sauti ndogo hivyo, leo hamkunywa uji? (Vicheko.) Haya, kaeni. Wale wa nyuma sogeeni mbele, maana mvua ikianza kupiga bati hamtanisikia kabisa.

Mwezi uliopita niliacha hapa lile sanduku la maswali. Nimelifungua. Mengi ni yale yale ninayoyakuta kila shule: chunusi, hedhi, mapenzi, mtu akisema anakupenda utajuaje kama ni kweli. Hayo tutayajibu wiki ijayo na dada muuguzi. Lakini nimekuta vikaratasi viwili ambavyo sikuweza kuviweka kiporo. Kimoja kina mwandiko mzuri sana: "Nikimaliza shule nataka kufungua kituo cha kuwalaza watu wasio na nyumba, hasa watoto. Nianzie wapi?" Cha pili kina maneno manne tu. Hicho nitakisoma mwishoni.

Basi leo tumjibu huyu wa kwanza. Na nitamjibu kama mtu mzima, sitamwambia "vizuri sana mwanangu, Mungu akubariki" halafu nikaondoka.

Kwetu asiye na nyumba ni nani?

Tukisema mtu asiye na nyumba, wengi wenu mnawaza watoto wanaolala kwenye baraza za maduka Dar es Salaam. Hao wapo. Lakini hapa kwetu, Kayanga, Omurushaka au Nkwenda, si rahisi kumkuta mtu amejifunika boksi barazani. Watu wetu wasio na nyumba wana paa, ila paa lenyewe si lao na wanaweza kuondolewa chini yake leo jioni.

Ni yatima anayezungushwa: muhula huu kwa baba mkubwa, muhula ujao kwa shangazi, halafu kwa mama mdogo, na begi lake haliingii kabatini kwa sababu hajui atakaa mpaka lini. Ni mjane aliyetolewa kwenye kibanja hata matanga hayajaisha. Ni msichana aliyepelekwa mjini kufanya kazi za ndani, akapata mimba, kule akafukuzwa na nyumbani mlango ukafungwa. Ni kijana anayelala kwenye machimbo ya bati kule Kyerwa. Na ninyi mnaoishi mageto karibu na shule msicheke, maana kodi ikiisha tu mwenye nyumba anaweka kufuli lake juu ya lako. (Kimya.)

Wako na wengine waliopoteza nyumba kwa mambo makubwa kuliko wao. Wazazi wenu wanakumbuka mwaka 2013, Operesheni Kimbunga, wakati maelfu ya watu walipoondolewa katika mkoa huu na mikoa jirani kwa kuwa hawakuwa na vibali vya kuishi nchini. Kuna familia zilizogawanyika, mmoja ng'ambo na mwingine huku. Watoto hawakuulizwa.

Na ukimwi, ambao wagonjwa wake wa kwanza katika nchi yetu waligunduliwa mkoa huu huu mwaka 1983. Siwatishi. Leo dawa zipo na mtu anaishi na kuzeeka. Lakini ugonjwa ule ulituachia yatima wengi. Watafiti walipima familia za Kagera kuanzia mwaka 1991 mpaka 1994, wakarudi kuwatafuta watu wale wale mwaka 2004. Wakaona kwamba mtoto aliyefiwa na mama yake utotoni, akishakuwa mtu mzima ni mfupi kwa karibu sentimita 2 kuliko ambavyo angekuwa, na amepoteza karibu mwaka mmoja wa masomo. Sentimita mbili! Yaani huzuni na njaa vinaingia mpaka kwenye mfupa.

Kabla ya godoro, uliza kibanja

Sasa wewe uliyeandika kikaratasi. Najua unachokiona kichwani: nyumba nzuri, vitanda vya ghorofa, watoto wanaimba, na wewe umesimama katikati unatabasamu. Mimi pia niliona hivyo nilipomaliza chuo. Lakini siku ya kwanza mtu akibisha mlangoni, kazi yako baada ya kumpa chakula na maji ya kuoga ni kujua alitokaje alikotoka. Na hapa kwetu, mara nyingi jibu ni ardhi.

Baba anafariki. Wazee wa ukoo wanakaa. Kibanja chenye migomba na kahawa kinapata msimamizi, na msimamizi ana shida zake. Msimu haujafika, kahawa bado maua, yeye ameshaiuza kwa mlanguzi kwa bei ya kutupa. Butura mnaijua? (Tunaijua!) Basi butura imekula ada yako na sare yako kabla kahawa haijaiva. Mwaka wa pili mama anaambiwa arudi kwao. Mwaka wa tatu mtoto yuko barabarani, na watu wanasema "ametoroka, ana tabia mbaya".

Mtu anayeongoza nyumba ya makazi, asipojua sheria, atakuwa anadeki maji sakafuni wakati bomba linavuja. Kuna mama mmoja wa mkoa wetu anayefundishwa mpaka vyuo vikuu, anaitwa Holaria Pastory. Alikuwa mwanamke wa Kihaya, babake alimwachia shamba kwa wosia. Alipozeeka, hana wa kumtunza, mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa nduguye akaenda mahakamani: mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo, mila haziruhusu. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Baadaye ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inayosema mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya ardhi ni batili. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi wake.

Najua, sheria iko Dodoma na kibanja kiko Nyaishozi. (Vicheko.) Ndiyo maana kiongozi wa nyumba anavaa viatu na kwenda. Kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mtendaji wa kijiji, kwenye baraza la kata. Anaweza kushinda asubuhi nzima kwenye benchi akimsubiri mtendaji. Hiyo safari ya vumbi haipigwi picha, lakini mjane mmoja akirudishiwa migomba yake, watoto wake wote watano hawahitaji kitanda chako.

Daftari la mlangoni

Mwezi Aprili 1994 watu karibu 250,000 walivuka kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Karagwe pia ilipokea kambi. Katika vurugu ile maelfu ya watoto walipotezana na wazazi wao. Mashirika ya misaada, Msalaba Mwekundu wakiwemo, yalifanya kazi moja ambayo naiona ni kubwa kuliko mahema: kumwandika mtoto. Jina, jina la baba, la mama, kilima anachotoka, nani alimwona mara ya mwisho. Kumpiga picha. Kisha kuzungusha habari hizo mpaka mtu aseme "huyo ni wetu". Kama waliweza pale, penye vurugu na matope, wewe mwenye meza na kalamu huna kisingizio.

Nasema hivyo kwa uchungu, acheni niwaambie kwa nini. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika kituo kimoja cha watoto, si cha wilaya hizi wala mkoa huu, na sitakitaja. Kulikuwa na mvulana pale mwenye miaka kumi na tatu. Alikuwa amekaa miaka minne. Kwenye daftari ameandikwa "yatima, kwao hakujulikani". Jioni moja tunachambua maharage, akaniambia nyumbani kwao kuna mto mkubwa na daraja, ukivuka daraja uko Uganda, na bibi yake alikuwa akiuza ndizi pale. Mimi ni mtu wa huku. Nikamwambia, "Wewe, hapo si Murongo?" Akanitazama tu. Jina hilo alikuwa hajalisikia kwa miaka minne.

Nilipiga simu mbili. Mbili tu! Bibi yupo, mzima, na alikuwa ameshaliza matanga.

Kwa nini hakuna aliyeuliza? Mkuu wa kituo hakuwa mtu mbaya, aliwapenda wale watoto. Lakini kila mtoto alikuwa na mfadhili wake, mwenye picha yake mezani huko Ulaya. Mtoto akiondoka na fedha zinaondoka. Kwa hiyo hakuna aliyemfukuza bibi, ila hakuna aliyemtafuta. Na barua za kwenda kwa wafadhili, zile za "mtoto wako anaendelea vizuri", nilikuwa naziandika mimi. Kwa hiyo simsemi mtu.

Tulimrudisha Kyerwa. Bibi alilia, majirani walipiga vigelegele. Halafu bibi akaanza kuzungumza naye, na mtoto akanigeukia mimi. Alikuwa amesahau Kinyambo chote. Ikabidi nimtafsirie mtu maneno ya bibi yake mwenyewe.

Sasa siyo kwamba kila nyumba ya makazi ni mbaya. Mtoto anayepigwa au kubakwa nyumbani lazima apate mahali pa kukimbilia usiku huo huo. Ninachosema ni kwamba mtoto hakui vizuri kwenye bweni. Kule Romania watafiti walianza mwaka 2000 kuwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa katika vituo. Nusu waliendelea kulelewa kituoni, nusu wakapelekwa kwa familia za kuwalea. Waliopata familia walikua vizuri zaidi akili na mwili, hasa waliochukuliwa kabla ya kufikisha miaka miwili. Mtoto mchanga hashibi maziwa peke yake. Anahitaji uso ule ule kila asubuhi.

Kwa hiyo kila anayeingia, daftari lako liwe na safu mbili. Ya kwanza: ameingia lini, anatoka wapi. Ya pili: atatoka lini, anakwenda kwa nani. Safu ya pili ikikaa tupu miezi na miezi, wewe huendeshi tena nyumba ya kupumzikia, umejenga kijiji cha watu waliosahauliwa.

Usiku

Sasa mambo ya usiku, ambayo wageni wa ufunguzi hawayaoni.

Mwaka 1992 vijana wawili, Rakesh Rajani na Mustafa Kudrati, walianzisha Kuleana kule Mwanza kwa ajili ya watoto wa mitaani. Watoto wetu wa Kagera wanaijua njia ya Mwanza: gari mpaka Bukoba, meli usiku, asubuhi uko mjini na humjui mtu. Wale vijana walifanya kitu ambacho watu wazima hawapendi kufanya, yaani waliwasikiliza watoto. Na mwaka 1996 wakaandika walichoambiwa kuhusu maisha ya kimapenzi mitaani, pamoja na jinsi wavulana wadogo wanavyodhulumiwa na wakubwa wao. Watu wengi walikuwa wanawaza wasichana tu.

Kiongozi wa nyumba anayesoma hayo anaelewa mara moja: wadogo na wakubwa wasilale chumba kimoja. Mlezi wa zamu akae macho, si kulala kwenye kiti. Taa ya njia ya choo iwake mpaka asubuhi. Hakuna mtu mzima, awe mfadhili, mchungaji, shehe au mimi, wa kukaa na mtoto peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Na mtoto ajue amwambie nani kama huyo anayemtesa ndiye mlezi mwenyewe. Mkiona kituo ambacho mgeni anaruhusiwa kumchukua mtoto "akamnunulie soda" bila kuandikwa popote, jueni hapo pana hatari.

Halafu afya. Watu ishirini kwenye chumba cha watu wanane, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi ya huku kwetu: mmoja akiwa na kifua kikuu, amewagawia wote. Fungua madirisha. Kikohozi cha wiki mbili, zahanati, hakuna mjadala. Upele ukiingia, usimtibu mmoja, tibu chumba kizima siku moja na fua mashuka yote siku hiyo hiyo. Chandarua kila kitanda. Na kuna watoto wanaokunywa dawa za kufubaza virusi, ambao wakikosa dozi kwa ajili ya kuhamahama ndipo wanaugua. Kadi ya kliniki ya mtoto huyo iko kwako, na siri yake iko kwako. Usipange foleni ya "wale wa dawa" mbele ya wenzao.

Fedha, na sahihi mbili

Fedha nitazisema kwa kifupi, maana nawaona mnasinzia. Piga hesabu: mtoto mmoja nusu kilo ya unga kwa siku. Watoto 20? (Kilo kumi!) Kwa mwezi? (Kilo mia tatu!) Magunia matatu ya kilo mia mia, na hatujataja maharage, kuni, sabuni, daftari, nauli ya hospitali. Mfadhili anapenda kujenga jengo lenye jina lake. Hakuna anayependa kununua sabuni. Kwa hiyo usijenge chumba cha tatu kabla hujajua nani atanunua sabuni ya chumba cha kwanza. Kuleana walikuwa na mgahawa wa piza pale mjini Mwanza. Wewe unaweza kuwa na migomba, kuku, mashine ya kusaga.

Shirika liandikishwe, kuna sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2002. Makao ya watoto yawe na leseni, ndivyo Sheria ya Mtoto inavyotaka, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ajue kila mtoto aliyemo. Hundi itiwe sahihi na watu wawili, na wa pili asiwe mke wako wala shemeji yako. (Vicheko.) Mnacheka, lakini huko ndiko vinakofia.

Mtu wa kujifunza kwake

Mkitaka kiongozi wa kumtazama, mtazameni Rhobi Samwelly wa mkoa wa Mara. Alikeketwa akiwa msichana wa miaka 13, nusura afe kwa kutokwa damu. Alipokuwa mtu mzima akaanza kuwapokea wasichana wanaokimbia kukeketwa na kuozwa. Shirika lake lina nyumba salama Mugumu, wilayani Serengeti, na nyingine Butiama. Msimu wa ukeketaji, Desemba, wasichana wanafika usiku, wengine kwa miguu.

Lakini kinachonivutia mimi ni Januari. Msimu ukiisha anakwenda kukaa na wazazi wale wale waliotaka kumkata mtoto. Pamoja na polisi na ustawi wa jamii wanazungumza, mzazi anatia sahihi kwamba hatamkeketa, mtoto anarudi nyumbani, na anaendelea kufuatiliwa. Mzazi akikataa, binti anabaki, anasoma au anajifunza ufundi. Hebu fikiri, kukaa meza moja na mtu uliyemficha binti yake wiki sita, na kumheshimu, na kumwita baba. Mimi sijui kama ningeweza.

Maswali

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliuliza: "Dada, kwa hiyo mtu asiye na fedha hawezi kusaidia?"

Anaweza, na wa kwanza ni wewe. Huyo yatima anayezungushwa, ukoo ukikutana, mama yako anaweza kusema "huyu abaki hapa, aliko ndugu yake". Nauli ya kwenda kwa mtendaji kutoa ushahidi kwamba kibanja kile kilikuwa cha marehemu fulani ni ndogo kuliko godoro.

Mwingine aliuliza: "Je, mtoto mwenyewe akikataa kurudi nyumbani?"

Msikilize. Mara nyingi ana sababu, na sababu hiyo hajaisema bado. Usimpakie kwenye gari ili daftari lako lipendeze. Nimesema safu ya pili ijazwe, sikusema ijazwe kwa nguvu. Aende shangazi akaonwe kwanza, mtoto alale kule siku mbili likizo, arudi, umuulize.

Sasa kile kikaratasi cha pili. Kimeandikwa hivi: "Na mimi nilale wapi?"

(Kimya.)

Sijui ni wa nani na sitaki mtu ageuke kumtazama mwenzake. Nakujibu wewe tu. Kama umekatazwa kurudi nyumbani, au unakorudi unaumizwa, piga 116, ni simu ya watoto, haina malipo hata kama huna salio. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na halmashauri kuna afisa ustawi wa jamii. Ukiona hao wote ni wageni kwako, mwalimu wa malezi anajua habari hii na hatakuuliza mbele ya watu. Na leo sipandi gari la saa tisa. Nitakuwa kwenye chumba cha maabara mpaka saa kumi na mbili, nahesabu vitabu. Wanakuja wengi kuuliza mambo ya chunusi, kwa hiyo ukiingia hakuna atakayejua umekuja kuuliza nini.